Bunduki ya Bei Nafuu kwa Jicho la Kushoto

Ilikuwa saa moja na dakika arobaini asubuhi nilipokabidhiwa bunduki kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nilikuwa nimekwenda kutengeneza rafu.

Duka ni hili hili la Kensington, Johannesburg, ambalo ninyi mafundi mnaobaki baada yangu mnalijua, ila siku hizo lilikuwa na dirisha moja tu la mbele, na nondo zake zilikuwa nene kuliko vidole vyangu. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kikaburu, fundi bunduki, tuliyemwita Oom Sakkie. Oom kwao ni mjomba, na kila mzee ni mjomba wa mtu. Mimi nilikuwa seremala kutoka Kigoma, nina tezo, randa na Kiingereza cha kuombea kazi. Nilikuwa bado sijatua mbao zangu chini aliponiwekea mezani bunduki yenye ufa kwenye kitako.

"Unaweza kuunga hapa?"

"Oom, mimi ni seremala. Bunduki sizijui."

"Sijakuuliza kuhusu bunduki. Nimekuuliza kuhusu mti."

Ulikuwa mti wa jozi, ufa umefuata nyuzi vizuri, kazi ya gundi na subira. Nikasema naweza. Yeye akafungua bolti, lile pingo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu kama komeo la mlango, akalichomoa, akautenga mtutu na kunielekezea dirishani. "Chungulia."

Nimeona Ziwa Tanganyika likiwa limetulia alfajiri, na nimeona jiji hili kutoka ghorofa ya juu kabisa. Sikuwahi kuona kitu kilichonyooka namna ile. Mwanga ulikuwa umejipanga ndani ya ule mtutu duara ndani ya duara, na juu ya zile duara kulikuwa na mifereji myembamba inayojiviringa kwenda mbele, ile inayoizungusha risasi ili isiyumbe njiani. Nilisahau kupumua.

"Umeona nini?"

"Duara nyingi, Oom. Ila moja, ile ya tatu hivi, imekaa upande kidogo."

Akauchukua, akachungulia mwenyewe kwa muda mrefu. "Ja-nee," akasema, neno lao linalomaanisha ndiyo na siyo kwa pamoja. "Huu mtutu umepinda. Rafu utaweka kesho."

Rafu niliziweka baada ya miezi kadhaa. Mshahara sitauzungumzia, haukuwa mrefu kiasi cha kujaza aya. Vyeo navyo napita, maana katika duka la watu wawili kuna cheo kimoja tu na tayari kilikuwa na mtu. Baadaye, nilipopata ukaazi wa kudumu, nilifanya mitihani yote ambayo sheria ya nchi hii inamtaka mtu anayeshika bunduki za wengine aifanye. Kabla ya hapo nilishika mbao tu, na mitutu nilishika mbele ya macho ya Oom.

Nyumbani jambo hili lilihitaji maelezo. Hapa Johannesburg ukisema bunduki, mtu anafikiri habari ya kuporwa kwenye robot, yaani taa za barabarani, au spaza, kiduka cha mtaani, iliyovamiwa Diepsloot, na hakosei. Mke wangu aliniambia, "Msikitini useme wewe ni seremala." Ilikuwa kweli, kwa hiyo nilisema. Lakini dukani kwetu hazikuuzwa bastola. Oom aliuza bunduki za bolti za kulenga shabaha, zinazopiga risasi moja, zinafunguliwa, zinafungwa, zinapiga nyingine. Adui yake ni karatasi. Alikuwa akisema karatasi haijawahi kumfanyia mtu ubaya, ndiyo maana kuipiga kunahitaji moyo mtulivu.

Nilijifunza kwa kusoma. Vitabu vya watengenezaji vilikuwa kabatini, nami nilivisoma wakati wa chakula nikiwa na kamusi upande mmoja na mkate na samaki wa kopo upande wa pili. Kurasa zangu mtazijua kwa harufu. Vitu ambavyo vitabuni havimo nilivipata kwa Oom, na sehemu kubwa vilihusu swali moja ambalo wateja huuliza kabla hata ya kusalimia: bunduki nzuri ya bei nafuu ni ipi?

Hivi ndivyo alivyonifundisha, nami nawaachia. Mtu anayeanza achukue ile ndogo, ya risasi nyembamba za .22, kwa sababu risasi zake ni rahisi, haimsukumi bega, na kila kosa utaliona ni lako. Achukue iliyotumika. Rangi ya kitako isimshughulishe. Atazame mdomo wa mtutu, pale risasi inapotokea. Pakiwa na mkwaruzo, risasi hutoka kama mtu aliyejikwaa kizingitini. Wengi huuharibu mdomo ule wenyewe kwa kusafisha: wanaingiza ufito wa chuma kutoka mbele, wanasugua kama sufuria. Kisha apitishe karatasi kati ya mtutu na mbao iliyo chini yake. Karatasi ipite hadi nyuma bila kukwama, kwa sababu mtutu unaogusa mbao huimba wimbo wa mbao. Halafu anunue risasi za aina mbalimbali, boksi moja moja, aiache bunduki ichague. Hili mtalicheka mpaka mlione. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja, siku moja, moja itapenda risasi za bei ya chini na nyingine itazitawanya kama mtama wa kuku. Hakuna anayeweza kukwambia mapema. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote ya utu uzima na hili bado linanishangaza.

Lakini kabla ya bunduki, mtu. Oom alikuwa na kadi ngumu, nyeupe, yenye tundu katikati, imening'inia kwenye msumari nyuma ya kaunta. Kila mteja mgeni alipewa: aishike kwa mikono miwili, ainyooshe mbele, atazame saa ya ukutani kupitia tundu akiwa amefungua macho yote mawili, kisha ailete usoni taratibu bila kuipoteza saa. Kadi huenda yenyewe kwenye jicho moja. Hilo ndilo jicho linalotawala, na si lazima liwe upande wa mkono unaotumia. Wateja walidhani ni mchezo. Oom aliwaacha wadhani hivyo.

Oom alipochoka alihamia pwani kwa binti yake, akauza duka kwa mwenye duka wa sasa, na mimi nikauzwa pamoja na mashine ya kukereza. Ni katika miaka hii ya mwisho alipokuja Mama Furaha.

Alikuwa mtu wa Bukavu, raia wa hapa tangu zamani, mlinzi wa lango kwenye jengo la maofisi mjini. Alijifunza kushika silaha kwenye mafunzo ya kampuni yao, mkufunzi akaona ana utulivu, akampeleka kwenye klabu ya shabaha kusini mwa jiji. Hapo akapenda. Aliazima bunduki ya klabu kila Jumamosi, akapanda haraka, kisha akakwama. Alikuja na binti yake Neema, msichana mrefu aliyezaliwa hapa, anayeelewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza na Kizulu.

"Papa Issa," Mama Furaha akaniambia, hata kabla ya kukaa, "mi nataka ile." Akanyoosha kidole kwenye bunduki ya kifahari iliyokuwa kwenye kabati la kioo, ya Kijerumani, ina vishikizo vya alumini kila mahali kama kiti cha daktari wa meno.

"Ile ni randi elfu arobaini na mbili na darubini yake, mama."

"Niko nazo."

Neema akatazama dari. "Mama, please. Mwambie ni za nini."

Zilikuwa zamu yake ya upatu pamoja na akiba. Zilikuwa ada ya Neema ya chuo cha uuguzi, na chuo kilikuwa kinafungua mwezi uliofuata. Mama Furaha alieleza bila aibu, kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu. Kampuni yao ilikuwa inatafuta mkufunzi wa silaha. Ilimwambia akiingia kwenye timu ya klabu mwaka ule, kazi ni yake, atatoka langoni na baridi lake. Kwa kazi hiyo angemsomesha Neema kwa utulivu, hata kama ataanza mwaka mmoja nyuma. Kilichomzuia ni bunduki ya klabu. "Iko na mashetani," akasema. "Mi nalenga katikati, yeye anapeleka pembeni. Kila siku pembeni ile ile."

"Na ukikosa timu?" Neema akauliza, sasa kwa Kiswahili, na hilo lilimfanya mama yake ageuke.

"Sitakosa. Nikipata ile, sitakosa."

Muuzaji mwingine angefungua kabati. Hakuna ubaya, duka ni duka. Mimi nilisema tuipeleke uwanjani kwanza, ya Kijerumani pamoja na ya kwetu moja iliyotumika, tupige karatasi, ndipo azungumzie fedha. Akakubali kwa namna ya mtu anayempa mtoto pipi ili anyamaze.

Jumamosi tulikuwa uwanjani, shabaha mita hamsini. Alikaa mezani, bunduki ikiwa juu ya mfuko wa mchanga. Mfuko ule alikuwa ameushonesha kwa fundi cherehani wa Kikongo mjini, kutoka mguu wa jinzi kuukuu. Ule wa kwanza aliujaza mchele na panya wakaula, alinieleza, kwa hiyo sasa alikuwa mtu wa mchanga. Alipiga kwa bunduki ya klabu. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko ya watu niliowaona wakiwakilisha nchi. Matundu yalitua kushoto, yamesambaa kama mbaazi zilizomwagika.

"Umeona?" akasema. "Mashetani."

Nikampa ya Kijerumani. Alivuta pumzi, akalaza shavu, akapiga. Nilitazama kwa darubini kubwa ya miguu mitatu, nikamwachia atazame mwenyewe. Mbaazi zile zile. Upande ule ule.

Nadhani hapo ndipo zile fedha zilipoanza kumtisha. Bunduki mbili tofauti, na shetani mmoja.

Nikamtazama akipiga tena, safari hii macho yangu si kwenye karatasi bali kwenye uso wake. Alikuwa akifumba jicho la kushoto kwa nguvu kiasi kwamba shavu lote lilikunjamana, na kila alipokaribia kufyatua, kope ile ilitetemeka, ikafunguka kidogo, na kichwa kikasogea unywele mmoja. Unywele mmoja mezani ni upana wa kidole kwenye mita hamsini. Nikaenda kwenye gari nikaleta ile kadi ya Oom yenye tundu.

"Hii nini tena?"

"Nitazamie ile bendera ya uwanja, mama. Macho yote mawili wazi. Ilete usoni polepole."

Kadi ikaja, ikasita, ikaenda jicho la kushoto. Nikamwambia arudie. Kushoto. Neema akaichukua ajaribu, yake ikaenda kulia, akamrudishia mama yake, na ikaenda kushoto tena.

"Mama Furaha, wewe unakula kwa mkono gani?"

"Kulia. Niko mtu, siko mnyama."

"Ulizaliwa hivyo?"

Akaweka kadi chini. Alisema alipokuwa mdogo mama yake alimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa wakati wa kula, na bibi yake akaupaka pilipili. Shuleni mwalimu wa kwanza alimchapa kwenye vidole vya mkono ule hadi alipojifunza kushika kalamu kwa mwingine. Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anavyosema alivyofundishwa kufagia. "Mukono wa kushoto ni wa chooni, Papa Issa. Mutu hapokei nao, hapeani nao, hasalimie nao."

Sisi pia tulilelewa hivyo, na ninyi mnaosoma hili pia. Mzungu wa klabu angeweza kumtazama mwaka mzima asijue. Aliona mtu anayeandika kwa kulia, anayekula kwa kulia, akamwekea bunduki bega la kulia. Mimi nilikijua kile kitambaa. Nilimwona ndugu yangu mwenyewe akifungwa.

"Geuza bunduki," nikasema. "Weka bega la kushoto. Fyatua kwa kidole cha kushoto."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Weye Mwislamu!" Alicheka kweli kweli, akampiga Neema begani. "Sikiliza huyu mzee! Mwislamu, na ananituma nitumie mukono wa kushoto!"

"Kwa ugali sikuruhusu. Mwalimu wako angenichapa na mimi. Kwa karatasi, endelea."

Nilimpa ile ya kwetu iliyotumika, .22 ya kawaida, kitako cha mbao kilichonyooka kisichopendelea bega lolote. Ya Kijerumani kitako chake kilichongwa kwa shavu la kulia, upande wa kushoto kingemchoma. Alichukua muda mrefu kutulia. Mkono ule ulishika shingo ya kitako kwa woga, kama mtu anayeingia nyumba aliyokatazwa. Kisha nikaona kitu ambacho sijakiona tena: uso wake ukafunguka. Hakufumba jicho lolote. Shavu likalala lenyewe, mabega yakashuka, akawa kama maji yaliyofika mahali pake.

Akapiga. Mkono wa kulia, uliokuwa huru juu ya meza, ukafungua bolti na kuifunga bila yeye kuinua kichwa. Akapiga tena. Tena. Tena. Akapiga ya tano.

Niliinama kwenye darubini. Nikaona tundu moja.

Nikafikiri nyingine hazikuifikia karatasi. Nikarekebisha darubini. Ukingo wa tundu ulikuwa na mapindo, kama ua dogo lenye petali, na petali zile zilikuwa risasi zake zote, zimepita mlango mmoja. Nimesema nilisahau kupumua nilipochungulia mtutu wa kwanza. Huo ulikuwa chuma, kilichonyooshwa na watu wenye mashine. Hiki kilikuwa ndani ya mtu. Kitambaa, pilipili, fimbo, miaka yote ya kalamu na kijiko, na jicho lilikuwa limekaa pale pale, likijua kazi yake, halikumbishia mtu na halikumtii mtu. Mkono huchapika. Jicho halichapiki.

Neema alitazama kwenye darubini, akasema "Yho!" kisha akasema tena, taratibu. Mama Furaha alikataa kutazama mpaka tulipoivuta karatasi, akaishika. Akaweka ncha ya kidole kwenye tundu. Kidole cha kushoto.

"Ilikuwa humu?" akasema. "Siku zote?"

Sasa sikilizeni sehemu ya ufundi, maana ndipo watu hukosea. Klabuni walipoona, mmoja alimshauri mara moja: mtu wa kushoto anahitaji bunduki ya kushoto, yenye bolti upande wa kushoto, ya kuagiza nje, na bei yake ni karibu sawa na ile ya Kijerumani. Mama Furaha alinipigia simu, sauti imebadilika. "Papa Issa, bado ni elfu arobaini." Nikamwuliza, "Ulipopiga mezani, bolti ulifungua kwa mkono gani?" "Wa kulia," akasema. Basi. Anayepiga akiwa amelala, bunduki imening'inia kwenye ukanda mkononi, mkono wake wa mbele una kazi. Huyo namwonea huruma. Lakini anayepiga mezani juu ya mfuko, mkono wa kulia umekaa bure. Bolti ya kulia kwa mtu wa kushoto mezani ni neema: kidole hakiondoki kwenye kifyatulio, shavu halinyanyuki. Watu wa kulia wangelipia kupata hivyo, na hawajui.

Kwa hiyo alichukua ile iliyotumika. Mdomo wake ulikuwa na mkwaruzo mdogo wa ufito wa mtu fulani; niliukata upya kwenye mashine, ukubwa wa ukucha, bila malipo, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inawasha. Skrubu za kitako nilizikaza sawa. Karatasi ilipita hadi nyuma. Darubini nilimtafutia iliyotumika, kioo safi, mwili umechubuka. Boksi za risasi tulizijaribu moja moja, na bunduki ikachagua aina ya bei ya katikati, jambo ambalo kwa maoni yangu linaonyesha ina akili. Leseni ilichukua miezi, kama kawaida ya leseni; bunduki ilingoja kwenye kasha letu la chuma, naye akipita mjini aliingia kuisalimia kama mgonjwa aliyelazwa.

Mchujo wa timu ulifanyika mwishoni mwa mwaka. Sikuwepo, nilikuwa na mafua. Alinipigia Neema, akiwa amevaa sare ya chuo, alisema, kwa sababu alitoka darasani moja kwa moja kwenda uwanjani. Aliongea Kiswahili mwanzo hadi mwisho, kibovu, na sikumsahihisha. Mama ameingia. Nafasi ya pili.

"Analia?" nikauliza.

"Hapana, anagombana na mtu. Anamwambia ajaribu ile kadi."

Kampuni ilimtoa langoni. Siku hizi anafundisha walinzi wapya, na swali lake la kwanza kwao, nimeambiwa, ni nani alifungwa mkono utotoni. Kila mara kuna mmoja anayetazama chini.

Kuna kazi ambazo ukizimaliza unajua ulichojenga: nyumba, barabara, kitanda. Sisi tunamtafutia mtu chombo kinachomfaa na kisha anaondoka nacho, na tunabaki na vumbi la chuma kwenye kerezo. Ndiyo maana nimeandika bei zote hapa, ili msije mkadhani hadithi hii ni ya maajabu peke yake. Bunduki ilikuwa randi elfu sita na mia tano. Darubini, elfu tatu na mia mbili. Risasi za kujaribia, mia tisa. Zilizobaki zilikwenda chuoni wiki ile ile, kabla hajapata mtu wa kumshauri tena: randi elfu thelathini na moja na mia nne.